Majini wanaosema Kiswahili

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)



Usilolijua ni kama usiku wa giza. Wahenga waliosema maneno hayo hawakuwahi kuona mchezo wa video, lakini walikuwa wamekwisha kuieleza siri ya biashara moja kubwa ya siku hizi, biashara ya kuwatisha watu kwa hiari yao na kwa fedha zao. Leo nataka tuzungumze kuhusu biashara hiyo, na hasa kuhusu ugomvi wa mashabiki wake, kwa sababu ugomvi huo unatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Ipo michezo ya video ambayo mchezaji wake hapigi mpira wala haendeshi gari. Anawekwa ndani ya nyumba kubwa yenye giza, au katika kijiji kilichohamwa. Risasi zake zinahesabika, dawa yake ni haba, na mbele yake kuna viumbe vinavyotaka kumla. Kazi yake ni kutoka humo akiwa hai. Mchezo unaojulikana kuliko yote wa namna hiyo ni Resident Evil, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Wajapani wenyewe wanauita Biohazard. Viumbe vyake vya kwanza walikuwa maiti wanaotembea, na mtu wa Mbinga hahitaji kufafanuliwa zaidi: hao ni misukule, au ndondocha. Tofauti ni kwamba msukule wetu hutumwa shambani na mchawi usiku, na wa kwao ameharibiwa na virusi vilivyotoka maabara.

Mchezo ule wa kwanza ulitisha kwa sababu ulikuwa na unyimivu. Kamera ilikaa pembeni mwa chumba na haikutii amri yako, kwa hiyo uliweza kusikia nyayo za kitu ambacho hujakiona. Hata kuhifadhi ulipofika kulikuwa kwa kipimo, kwa maana ulihitaji utepe wa wino wa mashine ya taipu, na tepe hizo zilikuwa chache. Mvuvi wa Mbamba Bay ataelewa. Ukiwa majini na taa iliyojaa mafuta, upepo wa kusi ni usumbufu. Taa ikianza kufifia, upepo ule ule ni kitu kingine kabisa.

Sasa, ndugu msikilizaji, mchezo ukipendwa hutolewa mwendelezo, na mwendelezo ukitolewa mashabiki huanza kugombana. Mwaka 2005 lilitoka toleo la nne, na Mikami mwenyewe akalibadilisha. Kamera ikahamia nyuma ya bega la mchezaji, misukule wakaondolewa, na mahali pao wakaja wanakijiji walio hai, wenye shoka na uma za shambani, wanaopigiana kelele kwa Kihispania. Wengi walishangilia. Wengine walilalamika kwamba risasi zimekuwa nyingi na hofu imekuwa kidogo.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuja na toleo la tano, Machi 2009. Humo shujaa, Chris Redfield, anapelekwa Afrika, katika mji wa kubuni uitwao Kijuju. Giza limeondolewa na kuwekwa jua kali la mchana. Upweke nao umeondolewa, maana sasa ana mwenzake, mwanamke wa Kiafrika aitwaye Sheva Alomar, ambaye huchezeshwa na mtu wa pili au na kompyuta yenyewe. Jambo moja lilibaki kama lilivyokuwa katika toleo la nne: ukiinua bunduki kulenga, miguu husimama, huwezi kutembea na kupiga kwa pamoja. Mashabiki wakagawanyika. Wapo waliosema kusimama huko ni ushamba wa zamani, na wapo waliosema hiyo ndiyo hofu yenyewe iliyosalia. Wapo waliosema mwenzi ameharibu mchezo, kwa kuwa hakuna mtu anayeogopa akiwa amefuatana na ndugu yake.

Ukiutazama ugomvi huo kwa makini utaona si mgeni kwetu. Mtoto aliyelelewa na bibi anaujua. Bibi anasimulia hadithi ya zimwi, na safari hii zimwi linapita njia nyingine, au yule binti anaokolewa na kaka yake badala ya ndege. Papo hapo watoto wanapiga kelele: “Hapana bibi, jana hukusema hivyo!” Hadithi si yao, lakini hofu ni yao, nao wanailinda. Bibi mwenye busara hawafukuzi. Anajua kwamba mtoto anayebisha ni mtoto anayesikiliza.

Mabishano hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mjini Mbinga, wakati wa msimu wa kahawa, fedha inapozunguka na vijana wanapokuwa na kitu mfukoni. Banda lilikuwa la mabati, lina televisheni tatu, na kwenye mbili kati ya hizo ulichezwa mpira, kama ilivyo katika mabanda yetu mengi ya gemu. Kwenye ya tatu walikaa vijana wawili na mchezo huo wa Kijuju. Mmoja, fundi simu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akimweleza mdogo wake kwamba matoleo ya zamani ndiyo yalikuwa ya kutisha na hili ni vita tu. “Kaka,” mdogo akamjibu, “hayo ya zamani uliyacheza wapi ukayamaliza? Si ulisema memori kadi ilifutwa na watu?”

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini baadaye nilipolifikiri lile jibu niliona kijana amesema jambo ambalo watoa hoja wa Marekani na Japani hawakulisema. Mchezo wa zamani wa kutisha ulitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, chumbani kwake, usiku, mwenye mashine yake na siku zake. Banda letu si chumba cha mtu mmoja. Unalipia dakika, nyuma yako kuna watu wanne wanaosubiri zamu, na ulichokihifadhi jana leo kimefutwa na mwingine. Ndiyo maana mpira umetawala mabandani. Mechi ina mwanzo na mwisho, na wawili hulipia pamoja. Mwenzi wa toleo la tano, yule aliyelaumiwa kuwa ameua hofu, huruhusu skrini igawanywe mara mbili na watu wawili washike pedi wakiwa wamekaa benchi moja. Mabadiliko yaliyowaudhi mashabiki wa mbali ndiyo yaliyoufanya mchezo uchezeke Mbinga.

Kwa hiyo tukiulizwa kama mabadiliko yalikuwa mazuri au mabaya, swali la kwanza liwe: kwa nani? Shabiki huyapima mabadiliko kwa mahali alipokaa yeye.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nilete mazungumzo haya. Wale wanakijiji wa Kijuju, walioingiwa na mdudu wa kuwatawala akili, wanaitwa Majini. Wanapomwona Chris na Sheva wanaitana, wanaamrishana, wanatukana. Na lugha wanayotumia, ndugu msikilizaji, ni Kiswahili.

Kijuju kimewekwa Afrika Magharibi. Kiswahili na Afrika Magharibi wapi na wapi? Jina lenyewe ni neno juju, ambalo watu wa magharibi huko hulitumia kwa uganga na hirizi, likavikwa kiambishi chetu cha ki-. Wanyama wa kutisha nao wamepewa majina kana kwamba mtu alifungua kamusi na kunyofoa. Kuna dubwana lenye mabawa liitwalo Kipepeo. Kuna jingine liitwalo Bui Kichwa. Na kuna popo mkubwa kama nyumba, mwenye kuua, aitwaye Popokarimu. Kwa sikio la Mswahili huyo ni popo mkarimu. Popo gani huyo, anayekaribisha wageni na kuwaandalia chai? Pale bandani jina hilo lilipotajwa, hofu yote iliyokuwepo iliishia hapo kwa vicheko.

Lilinganishe na Popobawa. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walitoka nje ya nyumba zao wakalala uwanjani kwa makundi, wakikesha kwa moto, kwa sababu ya jina hilo. Mwaka 2007 uvumi wake ukafika Dar es Salaam. Popo na popo, lakini mmoja alizaliwa katika vinywa vya watu waliokuwa na hofu yao wenyewe, na mwingine aliokotwa kamusini.

Kwa nini basi watengenezaji walichukua Kiswahili? Kwa sababu ile ile waliyochukulia Kihispania katika toleo la nne. Walitaka mchezaji wa Osaka au Chicago asikie sauti za watu asiowaelewa. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na wao walipoondoa giza la macho wakaleta jua, walihitaji giza jingine. Giza hilo likawa lugha yetu.

Pale bandani giza hilo halikuwepo. Wale vijana walikuwa wakikamata neno moja moja la majini na kulijibu. Jini likiita wenzake, wao walijua linaita. Walicheka matamshi. Kwao adui alikuwa mtu anayeongea vibaya lugha ya mama zao, na kwa hiyo hawakumwogopa. Niliona jambo hilo ni la kufurahisha kwa muda, kisha likanikaa vibaya moyoni. Kwa maana katika mchezo ule mzima, Kiswahili ni lugha ya wanaopigwa risasi. Wanaookoka, wanaopanga, wanaofikiri na kuhurumiana, wanaongea Kiingereza.

Si mimi wa kwanza kuona tatizo katika mchezo huu. Picha zake za matangazo zilipoonyeshwa mwaka 2007, zikimwonyesha Mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi, kulizuka malalamiko. Mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi Mmarekani mweusi wa gazeti la Newsweek, alieleza waziwazi kwamba picha zile zinafufua sura za zamani za kumdhalilisha mtu mweusi. Wengine walimpinga, wakisema ni mchezo tu na mtayarishaji ni Mjapani. Mtayarishaji huyo, Jun Takeuchi, aliitaja filamu ya Black Hawk Down, ya mwaka 2001, inayohusu vita vya Mogadishu, kuwa miongoni mwa vitu vilivyochangia sura ya mchezo. Maana yake ni kwamba Afrika iliyotumika kujenga Kijuju ilikuwa tayari imepita katika jicho la Hollywood kabla ya kufika Japani.

Katika malumbano hayo yote, rangi ya watu ilijadiliwa sana, kamera ikajadiliwa, risasi zikajadiliwa, Sheva akajadiliwa. Lugha ilitajwa kama pambo tu. Wale wanaoielewa hawakuulizwa, na sisi wenyewe hatukupaza sauti. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza ajulikane kwamba kwao ni wapi.

Pengine utasema, ndugu msikilizaji, kwamba haya ni mambo ya watoto, na kwamba mtu wa Lituhi au Liuli ana shida za kweli za kufikiria kuliko majini ya kwenye kioo. Nakubali shida zipo. Lakini hofu si mambo ya watoto katika nchi hii. Kumbuka mwaka huo huo mchezo ulipotoka. Watanzania wenzetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za ushirikina. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka huo Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alizindua kura za siri ili wananchi wawataje wanaoshukiwa. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi, vikongwe katika mikoa ya kanda ya ziwa Victoria waliuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni walizopikia wajukuu wao.

Mauaji hayo yote yalianza kwa njia moja. Jirani alianza kuonekana si mtu. Alipewa jina, akaitwa mchawi, au zeruzeru asiyekufa bali hutoweka. Akishapewa jina hilo, maneno yake hayasikilizwi tena, hata akilia kwa lugha ile ile tunayoisema sisi. Mchezo wa kutisha hufanya kazi hiyo kwa picha: humchukua mwanakijiji, humwita jini, kisha humkabidhi mchezaji bunduki. Sisemi mchezo unamfanya mtu kuwa mwuaji. Sina ushahidi huo na sitausema. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokwisha kuona jirani akigeuzwa jini ina haki ya kuuliza maswali ambayo shabiki wa Chicago hakuwa na sababu ya kuyauliza.

Nirudi kwa mashabiki, kwa maana mwisho wa hadithi yao una funzo. Mwaka 2012 lilikuja toleo la sita, lenye bunduki nyingi zaidi na milipuko mingi zaidi. Sasa mchezaji akaweza kutembea huku anapiga, kama walivyodai wengi. Malalamiko yakaongezeka. Capcom wakarudi mezani. Mwaka 2017 toleo la saba likaturudisha ndani ya nyumba moja chakavu ya familia moja, Louisiana, tukiona kwa macho ya mhusika mwenyewe, risasi zikiwa chache tena. Wengi waliokwisha kata tamaa walirejea. Kumbe wale watoto waliokuwa wakimbishia bibi hawakuwa watundu tu. Bibi aliwasikiliza na hadithi ikapona.

Ikiwa kampuni kubwa kama ile husikiliza kelele za mashabiki kuhusu kamera na risasi, itashindwaje kusikia kuhusu lugha? Vijana wa Mbinga na wa wilaya ya Nyasa wana ujuzi ambao Osaka haina. Wanajua jini halisemi namna ile. Wanajua kwamba bibi wa Kimatengo hamtishi mtoto kwa kulipaza sauti zimwi, bali humtisha kwa kuliacha kimya mlangoni. Wanajua ukungu unavyofunika mashamba ya ngoro alfajiri ya mwezi wa saba, hata mtu aliyeko shimo la tatu humwoni, unasikia jembe tu. Wanajua taa za wavuvi wa dagaa zinavyoonekana usiku kutoka ufukweni, na moyo unavyokuwa taa moja ikizimika. Hivyo ni vitisho vyetu, na havijachezwa na mtu.

Wala tusiseme haiwezekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu za video za kutisha, Nsyuka na baadaye Shumileta, kwa Kiswahili na kwa vifaa vya kawaida tu, na watu walizitazama kwa woga na kuzinunua. Katika filamu zile mzimu alisema Kiswahili, lakini na aliyemkimbia alisema Kiswahili, na mama aliyemwombea alisema Kiswahili. Lugha ilibeba pande zote. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka.

Nina neno kwa wenye mabanda na kwa wazazi pia. Michezo hii imeandikwa kwenye kasha kuwa ni ya watu wazima. Kule Ulaya toleo la tano liliwekewa alama ya miaka kumi na minane. Siku niliyokuwa Mbinga, nyuma ya wale vijana walisimama watoto wa sare ya shule ya msingi, saa ambayo walipaswa kuwa darasani. Mwenye banda anatafuta riziki, nami simlaumu kwa kutafuta. Lakini kuikalisha televisheni ile ya tatu pembeni, nyuma ya pazia, na kuwarudisha watoto mpirani au shuleni, hakuhitaji mtaji. Na mzazi aliyezoea kuuliza mtoto ametoka wapi, aongeze swali la pili: umeona nini huko, na kilikuwa kinasema lugha gani? Mtoto atasimulia. Akisimulia, ataelewa. Akielewa, giza litapungua.

Vijana wapenda michezo hii, msiache kubishana. Bisheni kuhusu kamera, bisheni kuhusu risasi, bisheni kama mwenzi anaongeza raha au anapunguza hofu. Lakini safari nyingine mkimsikia jini akisema kwa lugha yenu, simamisheni mchezo kidogo muulizane: huyu ameandikiwa na nani, na angetamka nini kama angeandikiwa na sisi? Atakayepata jibu zuri alishike kalamu, au alishike kompyuta, aanze kazi. Hata akianza na nyumba moja, mlango mmoja, na taa moja inayofifia, atakuwa ameanza pale pale walipoanzia wale Wajapani mwaka 1996.

Kwa leo naishia hapo.